Vietnam iliyowapiga mabeberu tunaijua wote, leo tuongelee Champa, ufalme ambao Vietnam yenyewe iliumeza

#1 Mtoa mada

Wakuu salaam.

Kila Vietnam ikitajwa humu story ni moja. Wakulima wa mpunga wenye makatambuga ya tairi, wakampiga Mfaransa Dien Bien Phu 1954, wakamtoa Mmarekani 1975, 1979 wakakabana na Mchina mpakani. Ni kweli tupu na heshima yao wanastahili. Na ukirudi nyuma ni hivyo hivyo, Mchina aliwatawala kuanzia mwaka 111 KK mpaka 938 BK, yaani zaidi ya miaka elfu moja, dada wawili wa ukoo wa Trung wakanyanyua watu mwaka 40 wakashindwa baada ya miaka mitatu, mpaka akaja Ngo Quyen 938 akachomeka magogo yenye ncha za chuma kwenye mto Bach Dang. Maji yakijaa magogo hayaonekani. Akawavuta Wachina waingie na merikebu zao, maji yakaanza kupwa, merikebu zikanasa zikatoboka. Mwaka 1288 Tran Hung Dao akawafanyia Wamongolia kitu kile kile kwenye mto ule ule.

Sasa mimi naomba tuangalie upande ambao hausimuliwi. Chukua ramani ya Vietnam ya leo, ile ndefu iliyopinda kama herufi S. Mwaka 938 nchi ya Wavietnam ilikuwa kule juu tu, bonde la Mto Mwekundu palipo Hanoi na kushuka kidogo. Hue haikuwa yao. Da Nang, Hoi An, Nha Trang, hazikuwa zao. Hayo yote yalikuwa ya Wacham, watu wengine kabisa, lugha nyingine, dini nyingine, maandishi mengine. Na Saigon yenyewe, leo Ho Chi Minh City, ilikuwa mji wa Wakhmer, yaani watu wa Kambodia, wakiuita Prey Nokor, na mpaka leo kwenye delta ya Mekong kuna Wakhmer zaidi ya milioni moja wenye hadithi yao ya kupokonywa ardhi, ila hiyo inataka uzi wake.

Hoja yangu ni hii: taifa lililoonewa na wakubwa kwa karne nyingi, kwenye karne zile zile lilikuwa linawaonea wadogo zake kusini. Vitu vyote viwili ni Vietnam, ukishika kimoja ukaacha kingine hujaielewa.

Champa haikuwa dola moja yenye mfalme mmoja muda wote. Ilikuwa mfululizo wa miji ya bandari kwenye midomo ya mito, kila bonde na mtawala wake, mara wanaungana mara wanagombana (mtu wa Kilwa au Pate ya zamani angeielewa siasa yao bila kufundishwa). Kumbukumbu za Wachina zinaanza kuwataja mwaka 192. Kulikuwa na Indrapura, Vijaya, Kauthara ambayo ndio Nha Trang, na Panduranga kusini kabisa. Walikuwa Wahindu wa mungu Shiva, wakaandika Kisanskriti na Kicham kwenye mawe, na kuna jiwe lao la karne ya 4 ambalo ndilo andiko la zamani kuliko yote yanayojulikana kwenye familia nzima ya lugha za Kiaustronesia, familia yenye Kimalay na Kimalagasi. Kwenye bonde la My Son walijenga mahekalu ya matofali kwa karibu miaka elfu moja, na kinachonishangaza ni kwamba kati ya tofali na tofali huoni udongo wala saruji, wataalamu bado wanabishana waliyashikisha na nini, na picha zilichongwa kwenye ukuta baada ya tofali kupangwa. Kuchonga tofali, sio jiwe! Ukikosea umeharibu ukuta. Mwaka 1969 ndege za Marekani zikapiga mabomu pale na mnara mzuri kuliko yote, ambao wanahistoria wanauita A1, ukaanguka. UNESCO wakaja kuyaorodhesha yaliyobaki mwaka 1999.

Nitaendelea, wenye maswali karibuni.

#2 Mdau wa Mtwara

Nimeweka kambi. Mimi Vietnam naijua kwa korosho tu, ghafi yetu huku sehemu kubwa inakwenda kwao na India. Na Halotel bila shaka, mtandao wao wa simu. Hawa Wacham waliishi kwa biashara gani?

#3 Mtoa mada

Mkuu umeuliza penyewe, maana hapo ndipo wanapokaribia kwetu.

Biashara yao kubwa ilikuwa UDI. Huu huu unaofukizwa kwenye chetezo harusini. Pale misitu ya milimani nyuma ya Nha Trang ndio chimbuko la udi wa daraja la juu duniani, na wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliijua Champa kwa jina la Sanf, wakausifu udi wa Sanf kwenye vitabu vyao. Mti wenyewe ukiwa mzima hauna harufu ya maana, ni mbao nyepesi nyeupe. Mpaka uumie, uvunjike tawi au utobolewe na wadudu halafu uingiwe na ukungu, ndio unatoa utomvu kujikinga na pale kwenye kidonda mbao inakuwa nyeusi, nzito, nyingine ukiitupa majini inazama. Kwahiyo mtafutaji anaingia msituni siku nyingi anatafuta miti michache iliyougua kati ya miti mingi. Waliokuwa wanaujua msitu ni watu wa milimani, Waraglai na wenzao, wao wanashusha udi, pembe na nta, Wacham wa pwani wanaupakia kwenye meli. Pwani na bara wanategemeana. Waraglai wakumbukeni, nitarudi kwao.

Kitu kingine ni mpunga. Champa walikuwa na mpunga unaovumilia ukame na kukomaa haraka. Ulikuwa umeshafika Fujian, na mwaka 1012 mfalme Zhenzong wa Uchina akaamuru mbegu zisambazwe bonde la Yangtze kwa sababu ya ukame. Wakulima wakaanza kuvuna mara mbili kwa mwaka sehemu ambazo walikuwa wanavuna mara moja, na ule mpunga unatajwa kama moja ya sababu za idadi ya watu Uchina kupanda sana enzi za Song. Leo ukimuuliza mtu wa kawaida Champa ni nini hajui, na aliwalisha watu wengi namna ile.

#4 Mdau wa Tanga

Hapo kwenye Kimalagasi nataka kuongeza. Waliokwenda Madagaska walitoka visiwa vya Indonesia, sio Champa, lakini ni ndugu wa familia moja ya lugha na wote ni watu wa bahari. Na ngalawa zetu hizi zenye mbawa mbili za pembeni, watafiti wengi wanaamini muundo wake umetoka kwa watu wa familia hiyo. Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa kwa maji tu, kwa watu ilikuwa mtaa.

Endelea na vita mkuu.

#5 Mtoa mada

Shukrani mkuu. Haya, vita.

Wasije wakadhani Wacham walikuwa wanyonge wakisubiri kuliwa. Mwaka 1177 waliuteka Angkor, mji mkuu wa Wakhmer, dola kubwa ya ukanda ule wakati huo. Jayavarman VII wa Wakhmer akawatoa akawa mfalme 1181, na kwenye hekalu la Bayon akachongesha ile vita ya majini ukutani. Ukiangalia picha zake utaona Wacham na vile vilemba vyao vinavyofanana na ua lililofumbuka, mashua zimegongana, watu wanadumbukia majini na mamba wapo chini wanangoja. Halafu Khmer nao wakaikalia Champa toka 1203 mpaka 1220. Kwahiyo walipiga na walipigwa.

Na Wavietnam ilikuwa mchanganyiko, leo vita kesho ndoa. Wamongolia walipokuja kwa wimbi la miaka ya 1280, walianzia Champa kwa bahari miaka ya 1282 na 1283, Wacham wakakimbilia milimani wakawachosha. Baada ya hapo majirani wakapatana, na mwaka 1306 binti mfalme wa Vietnam, Huyen Tran, akaolewa na mfalme wa Champa. Mahari yake? Majimbo mawili ya ardhi, eneo la Hue ya leo. Mwaka unaofuata mume akafa, Wavietnam wakamtorosha binti yao kwa hofu kwamba angechomwa na maiti ya mumewe kwa desturi ya kifalme ya kule. Binti alirudi, ardhi haikurudi. Nikiulizwa mchezo mzima ulianzia wapi mimi naweka kidole hapo.

Akatokea mtu mmoja akataka kuirudisha. Wavietnam wanamwita Che Bong Nga, alitawala toka 1360 mpaka 1390. Huyu mtu alipandisha meli kaskazini, akaingia Thang Long ambayo ndio Hanoi mwaka 1371 akaichoma, akarudi tena na tena. Mwaka 1377 mfalme wa Vietnam akasema sasa namfuata mwenyewe, akashuka na jeshi mpaka Vijaya, akaambiwa mji uko mtupu adui kakimbia, akaingia, akauawa mle ndani. Mfalme mzima! Kwa miaka 20 hivi Vietnam ilikuwa inalala macho wazi. Kilichommaliza ni usaliti, mwaka 1390 ofisa wake mdogo alitoroka akawaonyesha Wavietnam jahazi la mfalme ni lipi kati ya mengine zaidi ya mia, wakalilenga kwa silaha za moto, akafa, kichwa kikapelekwa kwa mfalme wa Vietnam. Hakutokea mwingine wa aina yake.

Halafu 1471. Mfalme Le Thanh Tong akashuka na jeshi kubwa, akauteka Vijaya, na kumbukumbu za Wavietnam wenyewe zinataja makumi ya maelfu ya waliouawa na makumi ya maelfu wengine waliochukuliwa mateka. Wengine walikimbilia Kambodia, wengine Malaka na Aceh. Na huyu Le Thanh Tong sio jambazi kwenye historia yao, ni miongoni mwa wafalme wanaopendwa sana, alipanga elimu, ni wakati wake zikawekwa sheria za Hong Duc ambazo ziliwapa wanawake haki ya kurithi mali. Barabara za jina lake zimejaa Vietnam. Huyo huyo. Hapo ndipo mimi naona uzito wa historia, mtu yule yule kwa huku ni baba wa taifa na kwa kule ni siku taifa lilipokufa.

Baada ya hapo ilikuwa kukatwa kipande kipande. 1611 Phu Yen ikaenda, 1653 Nha Trang, miaka ya 1692 na 1693 Panduranga ikawekwa chini. Askari wanatangulia, wakulima wanafuata, kijiji kinapimwa, kodi inaanza. Wakabakiziwa mtawala wa jina tu, mpaka 1832 mfalme Minh Mang akafuta hata hilo jina. Maandishi ya Wacham yanasema Waislamu walilazimishwa kula nguruwe na wale wa Kihindu kula ng'ombe. Wakaasi mara mbili, 1833 chini ya kiongozi wa Kiislamu Katip Sumat na 1834 chini ya Ja Thak Wa, yote yakazimwa kwa damu. Ni miaka kama 25 tu baadaye Mfaransa akaja akaanza kuwafanyia Wavietnam hayo hayo.

#6 Mdau wa Kigoma

Mkuu nakupinga kidogo. Kila taifa limejengwa hivyo. Wacham wenyewe umesema walivamia Angkor, waliteka watu wakawauza. Wangeshinda wao leo tungekuwa tunawalilia Wavietnam. Kwanini uwabebe?

#7 Mtoa mada

Hoja nzuri na siikatai. Wacham walikuwa maharamia wakubwa tu na utumwa waliufanya. Sisemi walikuwa malaika.

Ninachosema ni kwamba wapo. Ingekuwa watu waliokwisha kabisa tungeongea kama makumbusho, lakini sensa ya 2019 ya Vietnam imewahesabu karibu laki 1 na elfu 80, kwenye nchi ya watu milioni 96 ambamo serikali inatambua makabila 54 na Wakinh, yaani Wavietnam wenyewe, ni kama asilimia 85. Mtu yuko darasani anafundishwa kwamba "tulipanua nchi kwenda kusini", na hiyo kusini ni bibi yake. Kumtaja sio kumbeba.

Na wale waliokimbilia Kambodia yakawakuta makubwa zaidi. Khmer Rouge, utawala wa kikomunisti wa Pol Pot, 1975 mpaka 1979 walipiga marufuku Uislamu, misikiti ikavunjwa, Qurani zikakusanywa zikachomwa, watu wakalazimishwa nguruwe, vijiji vya Koh Phal na Svay Khleang vikanyanyuka na mapanga vikateketezwa. Mwaka 2018 mahakama ya Phnom Penh iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ikamkuta Nuon Chea, namba mbili wa Khmer Rouge, na hatia ya mauaji ya kimbari dhidi ya Wacham. Na hapa historia haitaki kukaa upande mmoja, aliyeingia na jeshi Desemba 1978 akawaondoa Khmer Rouge madarakani Januari 1979 ni Vietnam.

#8 Mdau wa Unguja

Subhanallah. Sasa mkuu hawa ni Waislamu au Wahindu? Maana umenichanganya.

#9 Mtoa mada

Wote wawili, na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote, nitakaa hapa kidogo.

Kule Panduranga ya zamani, yaani iliyokuwa mikoa ya Ninh Thuan na Binh Thuan mpaka 2025, kuna makundi mawili. Waahier wanaofuata ule Uhindu wa zamani wa minara, na Waawal ambao wengi wanawaita Wabani, Uislamu uliofika kwa meli halafu ukabaki peke yake karne nyingi bila kuonana na wenzake. Wana mwezi wao wa mfungo, Ramuwan, ila wanaofunga ni wale mashehe, wanahamia msikitini wanakaa mle kwa niaba ya ukoo mzima, na akina mama ndio wanaopeleka vyakula kwenye mabakuli juu ya vichwa. Kabla ya mfungo familia nzima inakwenda makaburini kuwasafishia wazee. Makundi haya mawili yanajihesabu kama mume na mke, mmoja hajakamilika bila mwenzake, na mfalme Po Rome wa karne ya 17 ndiye anayekumbukwa kwa kuwapatanisha. Wenye Uislamu kama wetu, wa Sunni, wapo zaidi Chau Doc kule An Giang karibu na Kambodia, na Saigon.

Na kwa hawa wa Panduranga ukoo unakwenda kwa mama. Mwanaume anaolewa, anahamia kwa mkewe, nyumba anarithi binti, na mara nyingi ni binti mdogo kwa sababu ndiye anayebaki na wazazi.

Halafu nenda kwenye sikukuu ya Kate, mwanzo wa mwezi wa 7 wa kalenda yao, kwetu inaangukia mwisho wa Septemba au Oktoba. Mnakumbuka Waraglai wa milimani? Nguo za wafalme na za mungu wao mama Po Nagar hazikai kwa Wacham. Waraglai ndio wanaozitunza milimani. Siku ya Kate inapokaribia wanashuka nazo, ngoma na zumari mbele, Wacham wanatoka kijijini kuwapokea, kesho yake zinapandishwa mnarani, mlango unafunguliwa kwa maombi, sanamu inaoshwa kwa maji yenye manukato, inavishwa. Ufalme uliisha 1832 na watu wa mlimani bado wanaleta nguo za mfalme kila mwaka bila kudaiwa.

Na huyo Po Nagar ana kisa. Wazee wawili walikuwa na shamba la matikiti mlimani, kila usiku matikiti yanaibiwa, wakavizia wakakuta ni msichana anacheza nayo kwenye mbalamwezi. Wakamlea. Siku moja ya mafuriko akaingia ndani ya gogo la udi, gogo likaelea mpaka kaskazini, mwana wa mfalme akalitoa, akamuoa. Baadaye akawakumbuka wazee wake akarudi, akafundisha watu kulima na kufuma, akapaa. Wavietnam walipochukua Nha Trang mnara wake hawakuuvunja, wakambadilisha jina wakamwita Thien Y A Na, wakamfanya wao, na mwaka 1856 ofisa mkubwa Phan Thanh Gian akaandika kisa chake kwenye jiwe ambalo lipo pale pale. Leo Wavietnam wanajaa pale na ubani kila mwezi wa 3 wa kalenda ya mwezi. Waliwashinda Wacham wakaenda kupiga magoti kwa mama yao.

#10 Mdau wa Mtwara

Mkuu mimi mwakani mambo yakikaa sawa naenda Ho Chi Minh City kwa mambo ya korosho. Nikipata nafasi hawa watu naonana nao wapi?

#11 Mtoa mada

Mkuu hiyo nafasi usiiache. Toka Saigon panda treni ya kaskazini ushuke steshoni ya Thap Cham, jina lenyewe maana yake minara ya Wacham. Ukitoka tu kuna kilima na juu yake mnara wa Po Klong Garai, mwekundu, mlangoni kuna Shiva anacheza. Ule bado unatumika kwa ibada, vaa vizuri, na ukikuta mlango umefungwa usilazimishe.

Chini kusini kidogo kuna kijiji cha Bau Truc, cha wafinyanzi. Hawana gurudumu. Mama anaweka donge la udongo juu ya mtungi uliogeuzwa kama stuli halafu YEYE ndiye anayezunguka, anarudi kinyumenyume akiinama, mkono mmoja ndani mmoja nje, chungu kimesimama. Wanachoma nje uwanjani kwa kuni na makapi ya mpunga, kwahiyo kila chungu kinatoka na madoa yake. Ufundi unakwenda toka kwa mama hadi binti na UNESCO waliuweka mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, vijana wengi wanakwenda viwandani. Nunua chungu, usibishane sana bei.

Ukiweza kufika juu zaidi, Da Nang kuna makumbusho ya sanaa ya Wacham tangu enzi za Mfaransa, ndio yenye sanamu nyingi za My Son. Na Hoi An ambapo watalii wanapiga picha za taa, tafuta kisima cha Ba Le, ni kisima cha kale cha Wacham, maji yake ndiyo yaliyokuwa yanatumika kupikia tambi za cao lau zinazoupa mji sifa. Kama wewe ni mtu wa halali na unataka msikiti, Chau Doc ndio kwenyewe, unavuka mto Hau, unakuta nyumba za mbao za nguzo ndefu, wazee waliovaa kofia na misuli, na watoto wanasoma juzuu kama madrasa yoyote ya huku. Ukifika sema umetoka pwani ya Afrika Mashariki uone watakavyokukalisha chini.

Wengine wenye kujua ya Wahmong na Wathai, makabila ya kule Dien Bien Phu, wamwage hapa, milima ile ina mambo mengi na mimi huko bado nasoma.